Mashine ya Muzaliwa na Ua wa Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

...na jambo lingine ambalo jana sikulimaliza: mashine ya Muzaliwa ya kukatia ua haina waya! Haina waya, haina mafuta, haina moshi. Muzaliwa anaitia betri tu, betri iliyokula jua mchana kutwa kwa sola yetu, kisha yale meno marefu yanaanza kutetemeka — na matawi yanaanguka yenyewe, kama yamechoka kusimama!

Leo nilimfuata kazini, kwa masista, hapa Kasongo. Nilijidai nampelekea mihogo. Uongo. Nilitaka kumtazama. Majuma matano ya ndoa, na bado nikimwona kwa mbali moyo unaruka kama nimechelewa shule.

Ua wa masista ni mrefu kama madarasa matatu. Kwa panga ni siku tatu. Yeye: saa moja na nusu! Sista Dorothée akatoka, akapitisha kiganja juu ya majani kama anayepapasa meza.

"Iko sawa kabisa. Mwalimu wa hesabu aje aone!"

Ni bwana yangu huyo! Mikono ile ile iliyochimba dhahabu mashimoni Lusangi miaka sita!

Jumatano, 8 Oktoba

Ijumaa tunakwenda Kabambare, kwa wazazi wangu. Mara ya kwanza tangu harusi. Naogopa. Kwetu mkwe hali chakula nyumbani kwa wakwe mpaka baba wa mke amwite mwenyewe, kwa kinywa chake. Muzaliwa hajaitwa. Siku ya harusi Baba alisema, na watu walisikia: mtu wa mashimo anajua kuchimba na kuondoka, nyumba ya mtu hajui kuitunza.

Muzaliwa ameifunga mashine ndani ya blanketi letu. Blanketi la harusi! Anasema Baba atapata zawadi ambayo panga halijawahi kumpa. Nimembusu palepale, mlangoni. Jirani ameona. Aone!

Jumamosi, 11 Oktoba

Kabambare. Andika, Mado, usilie.

Wazazi walikwenda shambani alfajiri. Muzaliwa akaanza ua wa miti unaozunguka nyumba. Ee Mungu, kazi nzuri! Harufu ya majani mabichi kila mahali. Wifi yangu Cécilia, mke wa kaka yangu, alitoka na kikapu, akasahau alikuwa anakwenda wapi. Watoto wa jirani walinyamaza — watoto! Nami nilisimama pale nikijivuna, macho yangu kwake tu.

Matajiri wa Kasongo wanataka ua wa kiunoni, wapita njia waone nyumba nzuri. Akakata hivyo hivyo. Mstari mmoja, kutoka barabarani mpaka nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba ndipo Mama anapoogea.

Mama akarudi na udongo miguuni, akachukua ndoo yake, akapita nyuma kama miaka yote, bila kutazama. Muzaliwa alikuwa upande wa pili, ameinama, anakusanya matawi. Akainua kichwa. Mabega matupu ya mama mkwe! Na mwanaume wa kwetu hata akikutana na mama mkwe njiani huingia majanini ampishe!

Alijifunika uso kwa matawi aliyoshika, akakimbia mpaka barabarani. Mama akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, na ua wa kumficha haukuwapo tena. Cécilia alimfunika kwa kitenge chake, kisha akacheka hadi akakaa chini.

"Mukwe ametufungulia dirisha!"

Baba hakucheka. Alimwambia Muzaliwa polepole, bila kumtazama: mashine yako inajua kukata, haijui kuuliza.

Hakuitwa kula. Alikula ndizi barabarani, amesimama. Nilisimama naye.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumerudi. Pikipiki, matope. Nilimshika kiuno njia nzima. Anasema atauza mashine. Hapana! Hapana!

Jumatano, 15 Oktoba

Cécilia amepiga simu. Baba amemtundikia Mama mikeka pale nyuma. Lakini kila jioni watu wanakuja kutazama ua! Mzee Théophile, aliyekata nyua za Kabambare kwa panga kabla sijazaliwa, alifunga kamba kutoka pembe hadi pembe, akatafuta kosa. Hakuna! Baba alikuwa karibu, mikono mgongoni, anajifanya anatazama mawingu.

Nilimsimulia Muzaliwa mara tatu. Mara ya tatu akatabasamu. Tabasamu lile! Ningetembea kwa miguu hadi Kabambare kwa ajili yake.

Cécilia anasema lazima tupeleke kuku mweupe wa kumwondolea Mama haya. Tangu mchana Muzaliwa anazunguka sokoni. Kila kuku anamwona ana doa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama mwenyewe kwenye simu! Anasema kuku awe mnene, maana haya yake si ndogo. Kisha akacheka — Mama! Anasema mwambie mumeo safari hii apige hodi hata kwa miti.

Nikauliza: na Baba?

Nyuma yake nikasikia sauti ya Baba, kwa ukali, kama anayegombana na mlango:

"Muulize, huyo mutu iko anakula pilipili?"

Huyo mutu! Hajamwita mkwe. Hajamwita kula. Lakini ameuliza!

Muzaliwa yuko mbele yangu, kuku mkononi, anataka kujua nimeambiwa nini. Mama nimemjibu: anakula, Mama, anakula sana, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa hapo mlangoni.