Matanga ya Pasta Asiyekufa

Mujukuu wangu, mushindani wangu,

Kindu yote ilishangaa. Mutaa wa Kasuku walishangaa, wa Mikelenge walishangaa, hata Alunguli ng'ambo ya muto walijishika vinywa. Muntu mumoja tu hakushangaa, na huyo ni mimi. Nilikuwa kwenye benchi yangu chini ya dirisha la kanisa, kiko mukononi, kama kila Jumapili. Nilisikia maneno yako yote toka la kwanza mpaka la mwisho, na moyoni nikasema: hii nilikuwa naijua.

Ngoja. Nafuta hiyo. Nilikuwa nimelala. Kinywa wazi, kiko kimeanguka kwenye muchanga, inzi wanatembea kwenye ndevu kama watu wa soko. Unajua vizuri kwamba mahubiri yako yalikuwa yananilaza kuliko dawa ya munganga. Kilichoniamsha ni kimya. Mahubiri yalikatika, usingizi nao ukakatika.

Kwa hiyo maneno yako sikuyapata kwako. Alinieleza shemasi Mutoka. Alisema watu walisimama wakaimba ule wimbo wa kumusifu Mukubwa wa inchi, ule ambao siku hizi unatangulia hata Baba Yetu. Wakakaa. Wewe ukapanda, ukafungua kitabu, ukakifunga tena. Ukasema: "Ndugu zangu, miaka hii naimba pamoja nanyi kile nisichoamini. Sasa nikisema kile ninachoamini, kinatoka na sauti ile ile. Naacha. Mutafute mwingine." Ukavua koti lako jeusi, ukalitundika kwenye kiti, ukatokea mulango mudogo wa nyuma.

Mulango ule unatokea kwenye benchi yangu. Uliweka mukono juu ya kipara changu, ukasema: "Koko, endelea kulala." Nilitaka kukasirika, sababu nilifikiri unanibariki. Nilipopata fimbo yangu, ulikuwa umekwisha kupita. Kesho yake gari-moshi likakubeba mpaka Kibombo, na toka pale ukashika njia ya Tunda, kwa watu wa baba yako, kulima mupunga.

Sasa sikiliza ulichotuachia.

Ulimwacha Feza na watoto nyumbani wafunge vitu, wakufuate nyuma. Siku ile ile ya safari yako, jua halijafika kichwani, wanawake wa kanisa waliingia kiwanja chako na mikeka. Wakatandika. Wakamukalisha muke wako chini, katikati, wakamufungua kitambaa cha kichwa. Mama Zawadi, yule mwenye sauti ya filimbi ya treni, akaanza kulia.

"Mama, amekwenda Tunda," Feza akasema. "Hajakufa. Jana alikula sombe, akaomba ingine."

"Pole, mutoto wangu. Wote tunasema hivyo siku ya kwanza."

"Yeye mwenyewe alifunga sanduku!"

"Lia tu. Usijikaze moyo, utaugua."

Wanaume wakaleta kuni na viti. Yule mufanyabiashara wa Butembo, mwenye duka karibu na stesheni, akafunga duka, akatuma sukari. Alasiri kiwanja kilikuwa kimejaa mpaka barabarani.

Cheka kama unataka, lakini wale si wajinga. Ni nani katika inchi hii alipata kuona mukubwa anatoka kwenye kiti kwa miguu yake? Chifu anatoka akifa. Mukubwa wa kazi anatoka akifukuzwa, au akipandishwa gari na hatusikii tena jina lake. Lakini kuacha, muntu muzima, bila ugonjwa, bila askari? Hiyo hatuna desturi yake. Hapana anayejua kipikwe nini, tuseme pole au tuseme asante. Basi miguu ya watu ikafuata njia inayoijua, ikaenda matanga.

Nami nilikuja. Nilikaa pembeni, nikaona mikeka, nikaona moshi, nikakumbuka matanga mengine.

Unakumbuka ulivyokuwa mutoto? Hapakuwa na muntu mutaani ambaye hukumuiga. Uliiga mwendo wa mukubwa wa stesheni, uliiga padri muzungu anavyopiga chafya. Lakini mimi njo nilikuwa shule yako kubwa. Ulijifunga blanketi langu, ukashika kijiti kama kiko, ukakohoa kikohozi changu: kwanza kile kirefu, halafu vidogo viwili, halafu "aa, Mungu wangu." Bibi yako alikuwa anashika ukuta kwa kucheka. Siku moja nilikohoa mimi mwenyewe nyuma ya nyumba, akapiga kelele toka jikoni: "Wewe mutoto, wacha kumuiga babu yako!"

Nilikutisha na fimbo, lakini ndani nilitulia. Nilisema, huyu atanizika vizuri. Sababu kwetu kazi ya mujukuu kwenye matanga ya babu inajulikana. Avae nguo za marehemu, alale kwenye kitanda chake, amuige, amutukane, aseme yote ambayo watoto wa marehemu hawawezi kusema. Watu wacheke na machozi bado yako kwenye mashavu. Bila hiyo tunaona kama muzee bado amesimama mulangoni, anangoja.

Halafu ukatoka kwenye masomo ya dini, na bibi yako akafa. Wajukuu walikuwa wamekwisha kuvaa vitenge vyake, mumoja ameshika mwiko, tayari kutugombeza sisi wote kama yeye. Ukasimama na kitabu. "Haya ni mambo ya kipagani," ulisema. "Tuimbe wimbo." Wakavua vitenge. Tukaimba. Tulimuzika bibi yako kama watu wanaopakia muzigo kwenye behewa, kwa mustari, vizuri, kila mutu na kazi yake. Sikukugombeza. Ulikuwa pasta wangu pia, nusu-nusu, kupitia dirisha. Lakini toka siku ile naogopa kufa, na zamani sikuwa naogopa.

Hayo njo nilikuwa nayafikiri kiwanjani kwako wakati sitwayen Sumaili alipoingia. Unamujua, mukubwa wa chama wa mutaa wetu, asiyetaka aitwe bwana, sitwayen tu, na abakosti yake, lile koti la chama, iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake.

"Nani amekufa hapa?"

Hapo tulishikwa, mujukuu wangu. Tukisema hapana aliyekufa, basi huu ni mukutano, na mukutano nani aliuruhusu? Tukisema pasta ameacha, ataulizia ameacha sababu gani, na ule wimbo utatajwa. Nilimuona Feza anavuta watoto karibu na magoti yake, mumoja mumoja. Shemasi Mutoka akajikaza.

"Ni pasta, sitwayen."

"Pasta amekufa?"

"Ame... amekwisha."

"Amekwisha namna gani? Watu wamemuona leo asubuhi stesheni na sanduku!"

Nikasimama, nikaingia nyumbani mwako. Koti lako lilikuwa kwenye musumari, shemasi alikuwa amelirudisha. Nikalivaa, mikono ikanimeza vidole. Nikashika sahani kifuani kama Biblia, nikatoka, nikakohoa. Kile kikohozi chako cha kuanza mahubiri, ambacho ni changu. Uliniibia.

"Ndugu wapendwa," nikasema na sauti yako, ile inayopanda kama muntu kwenye ngazi. "Neno letu la leo liko na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ndefu. Sehemu ya pili inapita ya kwanza. Sehemu ya tatu, mutaamushana."

Mama Zawadi alikata kilio katikati, akacheka mpaka akajilaza kwa jirani yake. Watu walicheka kwa hofu, halafu wakacheka bila hofu. Hata Sumaili aliuma mudomo. Nikawaonyesha unavyotafuta miwani iliyo puani, unavyomwangalia anayelala. Wakaomba ingine, nikawapa. Kisha nikaenda kwenye kiti, nikavua koti polepole, nikalitundika. Nikasema: "Miaka hii naimba kile nisichoamini. Naacha."

Hapana aliyecheka.

"Muzee," Sumaili akasema. "Umesema nini?"

"Mimi sijasema kitu, sitwayen. Amesema marehemu. Babu na mujukuu, hiyo kazi ni yetu. Hata kwenu iko."

"Marehemu iko njiani ya Tunda!"

"Basi wende umwambie amekufa. Muke wake ametukatalia toka asubuhi."

Aliniangalia. Mimi pia nilimwangalia. Zamani nilikuwa kwenye matanga ya babu yake, unaona. Nilimuona Sumaili huyu, kijana bado, amelala kwenye kitanda cha muzee wake na kofia yake usoni, anaomba ugali na kutukana mashangazi. Anajua kwamba muntu aliyevaa nguo za marehemu haguswi. Alifunga kifungo cha abakosti kilichokuwa kimefungwa tayari. "Mumalize mbele ya jua kuzama," akasema, akaenda. Treni iliyofuata, Feza na watoto walipanda bila kuulizwa kitu.

Usifikiri yamekwisha. Sokoni watu wanakutaja wakicheka. Muuza samaki ukimubembeleza apunguze bei, anakuambia: "Ukiendelea, naacha!" Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa, kijana mumoja alitupa jembe akasema "naacha," wote tukacheka, halafu kila mutu akaangalia nyuma yake. Jembe likaokotwa upesi. Wengine wanasema ulipata mwanamuke Kalima. Wengine wanasema Tunda kuna muzee aliyekufunga kwa dawa. Wanapenda hayo zaidi, sababu hayawaulizi wao kitu.

Pasta mupya ametoka Kalima. Iko na sauti nzuri, wimbo wa Mukubwa anauimba mpaka mishipa ya shingo inatoka, na mahubiri yake ni mafupi, sipati usingizi hata kidogo. Watu wanakwenda. Wanakaa, wanasimama, wanakaa. Mama Zawadi peke yake amehama kutoka ndani, anakaa nami benchini. Juzi alisema: "Alituzoesha, akatuacha. Mimi ni muzee. Nani atanizika, huyu asiyenijua hata jina?" Nikasogea, nikamupa upande wa kivuli.

Mimi pia nina kasirani na wewe, niseme wazi. Usiku ule wa kwanza sikukulaumu, nilijivuna. Sasa siku zinapita, napita mbele ya nyumba yako, mulango umefungwa na waya, na najiuliza kama uliacha sauti yako kwenye ule wimbo na haikurudi. Wewe uliyekuwa na sauti za watu wote wa mutaa! Naogopa uko kule shambani umenyamaza. Feza aseme ukweli: bado unawaiga watu? Umekwisha kumuiga chifu wa Tunda? Kama umekwisha, mwambie Feza aniletee habari, nitalala.

Barua hii nimeiacha wazi, bila gundi, ili wale wanaofungua barua za watu wasipate taabu. Sitwayen, kama ni wewe unasoma, salamu, na pasi yako ni kali sana.

Sasa deni. Mimi nilifanya kazi ya mujukuu kwenye matanga yako, mimi babu, kinyume cha desturi, na ungali hai. Kwa hiyo unanidai hapana, mimi njo nakudai. Na zamani ulikuwa na kisingizio: pasta hawezi kuvaa nguo za marehemu na kutukana watu. Pasta huyo ameacha. Mwenyewe ulisema, watu walisikia, mimi tu nilikuwa nimelala.

Mupunga ukishavunwa, panda treni uje siku moja tu. Hautahubiri, hautaomba. Utakaa nami benchini. Sababu kikohozi changu kimebadilika, mujukuu wangu. Kile kirefu kimekuwa kifupi, vile vidogo vimekuwa vingi, na "aa, Mungu wangu" sasa inakuja mwanzo, haingoji tena mwisho. Ukikohoa kile cha zamani siku ile ya matanga yangu, watu watasema si mimi.

Njoo ukisikilize upya.

Mimi Koko wako, baba wa mama yako, niliyekulilia mbele ya wakati.