Kikapu cha Udongo

Mdogo wangu Deo,

Hili sijamwambia mtu: mihogo ya Bibi niliiharibu mimi. Huku Kibimba wote wazima, na ndama wako ameota pembe. Umeuliza kwa nini Bibi hasalimiani tena na jirani yetu, Mama Spesi. Anaamini jirani huyo alimpa mbegu mbovu ya mihogo.

Mbegu haikuwa na kosa. Bibi alinipa kikapu cha udongo wa shamba la zamani, nitie konzi moja kila shimo la mihogo kwenye shamba jipya. Wenzangu wa shule wakanicheka njiani: "We dada, unapeleka udongo kwenye udongo?" Nikaona aibu, nikaumwaga. Jioni Bibi akaniuliza kama nilitia. Nikasema ndiyo. Mihogo ikadumaa.

Juzi mwalimu alituonyesha mzizi kwenye hadubini. Ndani yake mna nyuzi za kuvu zinazousaidia kunyonya chakula ardhini. Bibi hajaziona kamwe, lakini miaka yote amekuwa akizihamisha kwa kiganja chake.

Namsikia anakuja mlangoni na ndara zake. Leo siifichi karatasi hii. Nitamsomea kwa Kihangaza, lugha niliyomdanganyia, kisha nimsindikize kwa Mama Spesi.

Dada yako