Nimekutaja Jina, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, wiki ya tatu sasa, na Mama akishika yeye ananiambia uko shambani, hata siku ya Jumapili. Barua hii anakuletea Salma, binti wa Morogoro ninayeishi naye chumba kimoja huku Urusi. Anakuja likizo, na ameahidi kushuka Kilosa aifikishe nyumbani mwenyewe. Mpeni chai. Mguu wako unaendeleaje? Mvua imefika Kilangali, au bado mnaangalia juu?

Mimi mzima wa mwili. Nimechoka tu, Baba, sikufichi. Mwaka huu wa pili wa Kirusi umenikamua. Asubuhi najifunga manguo kama mzigo wa mnadani, natembea kwenye barafu kwa hatua za Bibi, nafika darasani nguvu za siku nimeshazimaliza. Halafu tunasoma hadithi zao ndefu. Mtu mmoja ana majina matatu, manne. Nilifika katikati ya kitabu ndipo nikagundua kuwa yule niliyemhurumia na yule niliyemchukia ni mtu yuleyule. Nikaanza upya.

Sasa nije kwenye lililotukosanisha. Huku mkubwa haitwi mama, wala mzee, wala mwalimu. Anaitwa jina lake, likifuatwa na la baba yake, nawe umemtazama usoni. Hiyo ndiyo shikamoo yao. Usipomtaja, umemdharau. Hilo nililijua, hata kwenye daftari nililiandika. Lakini wewe ulinilea nisitaje jina la mtu mzima, na siku ile nikiwa darasa la pili nilipomwita mzee jirani kwa jina lake ulinichapa, nikakoma. Mwalimu wetu ni mama wa mvi, makamo ya Shangazi. Mwaka mzima nilimkwepa. Nikikutana naye kwenye ngazi nainamisha kichwa, nasema habari za asubuhi, basi.

Ukaja mtihani wa kuzungumza. Unaingia peke yako. Nikaingia macho chini, akaniuliza yeye anaitwa nani. Baba, jina lake nililijua kama ninavyoijua Sala ya Bwana. Mdomo ukagoma. Akauliza tena, nikamwita mwalimu. Akafunga daftari lake, nikaona ameumia kabisa. Alidhani nimekaa mbele yake mwaka mzima bila kujali hata anaitwa nani. Nikapewa wiki mbili nirudie. Ukishindwa marudio, unafungasha virago.

Salma ndiye aliyenishika. Aliniambia siku zote hizo nimwite kila mtu jina lake na la baba yake, mpaka ulimi uzoee. Nikawaita wenzangu, nikamwita mpishi wa bwalo, na chumbani nikawaita hata nyinyi, Mama, Mjomba, na wewe. Jumapili ile nikapiga simu kuomba mniombee. Sikujua kuwa umekaa na wazee wenzako wa kanisa, na simu umeiweka sauti wote wasikie. Nikasema, "Shikamoo, Danieli Stefano."

Mtu mmoja hapo kwenu akakohoa. Ukaniuliza, "Huyo Danieli ni rika lako?" Simu ikakatika.

Nilikaa kitandani na koti langu mwilini mpaka Salma alipokuja kunivua. Nilijua umeaibika mbele ya watu, na kwamba watasema ndiyo faida ya kumpeleka mtoto wa kike kwa Warusi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na mimi nimejikwaa. Nisamehe, Baba. Sikukuona mwenzangu hata dakika moja.

Marudio yalikuwa Jumatano. Nilitaka nisiende, nirudi zangu nyumbani tupande mpunga. Nikaenda. Nikamtazama yule mama machoni, machozi yananilenga, nikamwita, "Vera Nikolayevna." Akasimama, mtu mzima yule, akanipa mkono. "Karibu, Neema Danielovna," akasema. Maana yake Neema binti wa Danieli. Nilifaulu, na tangu siku hiyo haniiti vingine. Baba, huku mtu akitaka kuniheshimu ni lazima akutaje wewe. Nililia mbele yake, naye akadhani ni furaha ya mtihani.

Mpe Mama salamu, mwambie asinitetee sana mbele yako, atachochea moto. Bibi mwamkie kwa Kikaguru, mimi kimeanza kunipotea na hilo nalo linaniuma. Kaka Amosi pale stendi ya Mikumi aache kuwatangazia madereva kuwa nasomea udaktari. Nasomea lugha, nayo inatosha kuniua. Shangazi wa Ruhembe mwambie nimeota miwa yake.

Salma atanijulisha akishakukabidhi barua hii, na Jumapili ya kwanza baada ya hapo, ibada ikiisha, nitapiga simu. Sitakutaja, wala sitajieleza. Nitakuamkia, halafu nitanyamaza nisubiri uitikie. Ukikata, nitapiga Jumapili nyingine.

Binti yako,
Neema