Shemeji Mnene

Mjukuu wangu Neema,

Huku Tunduma tu wazima. Mama yako yuko Igamba anavuna kahawa. Umeniuliza kama kirusi cha UKIMWI kinachozaliana polepole kina nafuu.

Dawa zilikuwa hazijafika dada yangu alipofiwa na mumewe kwa ajali. Wazee wakatafuta wa kumrithi kati ya shemeji zake wawili, madereva wa malori ya Zambia. Mmoja alikuwa amekonda, hata kikombe chake watu walikikwepa. Mwaka huo akafa. Wakamchagua yule mnene, mcheshi.

Kumbe wote wawili walikuwa nacho. Mnene alidumu miaka mingi, akioa huku na kule mpakani. Dada yangu alimtangulia.

Kwa mgonjwa ni nafuu, mjukuu wangu. Lakini kile kikali kilizikwa pamoja na mwenyewe. Cha polepole tulikipikia wali, tukakipa mke.

Bibi yako