Vyuma vya Nyavu za Baba

Shangazi Bushira mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kila nikienda kliniki kupimwa uzito, nafunga kiunoni, chini ya gauni, vile vyuma ambavyo Baba hutia kwenye nyavu ili zizame. Tangu nimalize shule chakula kinanitisha, na sitaki kulazwa.

Hapa Wanyange dagaa wa mukene ni wengi msimu huu. Mama anawaanika huku akiuliza kama mvua imeharibu mahindi yako huko Wanale. Juzi mizani ilipopanda, alicheka njia nzima: "Mashavu yanarudi! Wachumba watapanga foleni!" Nilitamani kulia.

Lakini muuguzi, Sista Nulu, hakucheka. Mama alipotoka nje, Sista alinilaza akapima mapigo ya moyo na presha, kisha akanisimamisha ili apime tena. Nikaona giza, nikamshika bega, vyuma vikagongana. Sijui kama alisikia. Alisema tu, "Mwanangu, mizani inasema umeongezeka, lakini moyo wako umechoka. Alhamisi utamwona daktari. Njoo na mtu unayemwamini."

Shangazi, sasa hata nikiinuka kutoka kwenye sijda naona giza lile lile. Naogopa siku moja sitainuka.

Tafadhali njoo huku Jinja Alhamisi. Vyuma nitavirudisha kwenye nyavu, na daktari nitamwambia mwenyewe, ukiwa umekaa karibu yangu. Ila Mama usimwambie sasa. Mwache afurahi mpaka siku hiyo.

Mtoto wako,
Shadiah