Kola Iliyogeuzwa

Birere, Goma, tarehe 9 Machi 1954

Mama Donatille, mke wangu,

Nakusalimia wewe na watoto, na muzee baba yako hapo Rutshuru. Huku mvua haikati, na kuku yako mwekundu ametaga mayai matano.

Shati nimelipata. Ulisema nisinunue mawili ya bei ya chini yanayopasuka upesi, nitafute moja zuri hata kama limekwisha kuvaliwa. Kamate, boyi anayefulia Wazungu nguo, aliniuzia jeupe la pamba nzito. Alisema alipewa na madamu. Kola tu ndiyo ilichakaa, basi nikampa fundi aigeuze, upande wa chini uje juu, kama tunavyofanya siku zote.

Leo fundi amenirudishia. Juu ya kola zinaonekana herufi mbili za uzi mwekundu: H.V. Ni Bwana Verlinden, Donatille! Kamate anafua kwake. Na ndiye atakuja Jumatatu na komisiyo ya serikali kukagua vitanda vyetu, uma zetu na kabati la nguo, kabla ya kunipa karte ya mustaarabu, ya mutu mweusi anayehesabiwa kuishi kama Mzungu.

Nimefumua uzi, lakini matundu bado yanasomeka. Ningelichoma, lakini fundi ameliona, na tangu asubuhi Kamate wamemufunga kwa wizi wa nguo. Jina langu analijua.

Niliitafuta karte ile kwa sababu mutu mwenye nayo hapigwi fimbo. Sikutaka watoto wanione nimelazwa chini kama nilivyomuona baba yangu.

Basi usirudi nao Jumapili.

Mimi mume wako,
Célestin Ntirenganya