Gego la Chiriku

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kazini? Miguu bado inavimba kwa kusimama? Sisi wazima, tunakula na kucheka.

Kaa kwanza nikupe habari! Huyu binti yako Chiriku, miaka saba tu, ana gego huko nyuma kabisa, nene kama la mtu mzima! Mwaka juzi halikuwapo. Nimewaonyesha majirani wote. Fundi cherehani akajitia kuona: "Bibi, mbona lina doa jeusi?" Nikamjibu, "Shona nguo zako, dada! Hayo ya utoto, yatang'oka yote." Mswaki asubuhi unamtosha, na akienda kulala nampa chai yake ya sukari. Ananenepa huyo!

Mama yako, mlezi namba moja

9 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, miguu nayo afadhali. Barua yako imenichekesha, kisha ikanitoa jasho. Nimemuuliza muuguzi ninayekaa naye chumba kimoja. Anasema gego linaloota nyuma kabisa kwenye miaka sita, bila jino lolote kung'oka, ni la ukubwa. Likioza, haliji jingine. Tafadhali mama, mpeleke kwa daktari wa meno upesi. Usinikasirikie.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Sisi tunaendelea vizuri, tena sana!

Nilikasirika, sikufichi. Nimelea watoto watano, leo nifundishwe meno? Barua nikaitupa kabatini. Juzi namwona Chiriku anatafuna upande mmoja tu, shavu kalishika. Moyo ukanipasuka! Nilitoka naye mbio hadi kwa daktari, kiatu cha kulia changu, cha kushoto cha jirani.

Daktari, kijana mwembamba, akachungulia. "Bibi, ungekawia mwezi mmoja tungeling'oa." Kaliziba, mwanangu! Limepona! Chiriku hakutoa hata chozi. Niliyelia ni mimi, mpaka wakaniletea kiti.

Chai ya kulalia nimeifuta. Baada ya chakula cha jioni tunasugua wote wawili, na yeye ananisimamia kama askari.

Daktari aliniuliza, "Nani alikwambia ni la utoto?"

"Mama yangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Mama yake, nani tena?"

Akacheka, akashika kalamu ajaze faili. Nikamwambia, "Basi andika hapo, daktari, kwa herufi kubwa: hadithi hiyo imeishia kwangu!"

Mama yako